Laila Edwards: barabara ya chuo kikuu iliyomfikisha msichana kwenye dhahabu ya Olimpiki

LUHWINDJA, Kivu Kusini – Katika milima ya Luhwindja, wilayani Mwenga, barafu tunayoijua ni ile ya mvua ya mawe. Inaangusha maua ya maharagwe, inatoboa majani ya migomba, na baada ya muda mfupi imeyeyuka. Mchezo mzima unaochezwa juu ya barafu, wengi huku wameuona kwenye simu tu. Hata hivyo, habari ya Laila Edwards, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, inatuhusu kuliko inavyoonekana kwanza.

Tarehe 19 Februari 2026, mjini Milano, Italia, timu ya wanawake ya Marekani ilishinda Kanada 2-1 katika fainali ya hoki ya barafu ya Michezo ya Olimpiki. Zilikuwa zimebaki kama dakika mbili tu na Marekani ilikuwa nyuma kwa bao moja. Edwards akapiga shuti kutoka mbali, nahodha wake Hilary Knight akaligusa njiani, likaingia wavuni. Katika muda wa ziada Megan Keller akafunga bao la ushindi. Edwards, mwenye umri wa miaka 22, alivishwa medali ya dhahabu. Katika mashindano hayo hayo alikuwa ameshaandika historia: ni mwanamke mweusi wa kwanza kuchezea Marekani hoki ya barafu kwenye Olimpiki, na wa kwanza kuifungia bao huko, katika ushindi wa 5-0 dhidi ya Kanada tarehe 10 Februari.

Alipofanya hayo yote alikuwa bado mwanafunzi, na masomo yalikuwa yakimsubiri chuoni.

Watu wa Luhwindja hawahitaji kufundishwa dhahabu ni nini. Mgodi wa Twangiza uko hapa hapa, na vijana wengi wamekula jasho lao kwenye mashimo. Wanajua vilevile kwamba dhahabu haitoki mlimani yenyewe. Jiwe linaweza kuwa na utajiri ndani, lakini bila mtu wa kulichimba, la kulisagia, maji ya kulisafishia na barabara ya kulipitisha, linabaki jiwe. Kipaji cha msichana ni hivyo hivyo. Tofauti kati ya Laila Edwards na msichana mwenye mbio na nguvu wa Luhwindja haiko katika damu. Iko katika njia aliyotengenezewa, hasa kati ya miaka 18 na 22, umri ambao huku kwetu wasichana wengi huacha michezo moja kwa moja.

Mchezo wenyewe

Kwa msomaji asiyeufahamu: hoki ya barafu huchezwa na timu mbili, kila moja ikiwa na watu sita uwanjani pamoja na kipa. Wanavaa viatu vyenye kisu chini yake ili kuteleza. Hawachezi mpira. Wanapiga kwa fimbo kisahani cheusi cha raba ngumu, chenye uzito wa gramu 170 hivi, wakitafuta kukiingiza kwenye goli dogo. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20. Kasi yake inachosha mno, kwa hiyo wachezaji hupokezana mara kwa mara: mtu anacheza chini ya dakika moja, anatoka kupumua, mwingine anaingia.

Ni mchezo wa gharama. Viatu, fimbo, kofia ngumu, vikinga vya mwili na saa za kukodi uwanja wa barafu vyote vinalipiwa, na mtoto anayekua anahitaji vipya kila baada ya muda mfupi. Ndiyo sababu moja iliyofanya familia nyingi za watu weusi Amerika Kaskazini zikae mbali nao kwa miaka mingi.

Kutoka Cleveland Heights

Laila Edwards alizaliwa tarehe 25 Januari 2004 na kukulia Cleveland Heights, mji ulio pembeni ya Cleveland, katika jimbo la Ohio. Baba yake, aliyewahi kucheza hoki, ndiye aliyewapeleka watoto wake kwenye barafu wakiwa bado wadogo. Dada yake mkubwa, Chayla, alishika njia hiyo mbele yake, na baadaye dada hao wawili walichezea chuo kimoja.

Mji wao haukuwa na kila kitu. Ili kupata ushindani wa juu, Laila aliondoka nyumbani akiwa bado kijana mdogo, akaenda kusoma sekondari katika shule ya Bishop Kearney mjini Rochester, jimbo la New York, shule yenye programu maalum ya hoki ya wasichana. Mzazi wa Kivu anayempeleka mtoto Bukavu kwa sababu kijijini hakuna sekondari nzuri ataelewa uamuzi huo bila maelezo mengi. Mtoto anakwenda mbali, nyumba inabaki na pengo, na matumaini ya wote yanawekwa kwenye mabega yake.

Mwezi Juni 2022 alichezea Marekani katika Kombe la Dunia la wasichana walio chini ya miaka 18, lililofanyika Madison, Wisconsin. Walitoka na medali ya fedha. Miezi michache baadaye alirudi katika mji huo huo, safari hii kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Wisconsin: ushindi, kushindwa, ushindi

Timu ya wanawake ya hoki ya Chuo Kikuu cha Wisconsin ni kama klabu kubwa ndani ya shule. Kocha wake, Mark Johnson, aliichukua mwaka 2002. Yeye mwenyewe alikuwa katika timu ya Marekani iliyowashangaza Wasovieti kwenye Olimpiki ya 1980. Kati ya 2006 na 2025 timu hiyo ilitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mara nane, kuliko chuo kingine chochote. Ina uwanja wake wa barafu, LaBahn Arena, uliofunguliwa mwaka 2012. Ina madaktari, wataalam wa mazoezi, na wasaidizi wa masomo wanaofuatilia kama mchezaji amefanya kazi zake za darasani.

Hapo ndipo Edwards alipoingia, akiwa na urefu wa sentimita 185, mrefu kuliko wachezaji wengi wa mchezo huo, lakini mwepesi wa mikono.

Mwaka wake wa kwanza ulimalizika kwa ubingwa. Mwezi Machi 2023, mjini Duluth, Minnesota, Wisconsin iliifunga Ohio State 1-0. Bao lile moja lilitiwa na Kirsten Simms, aliyekuwa naye mwaka wa kwanza.

Mwaka wa pili ulileta somo lingine. Machi 2024, timu zile zile zilikutana tena kwenye fainali, na matokeo yalikuwa yale yale, 1-0, ila safari hii Ohio State ndiyo iliyoondoka na kombe.

Mwaka wa tatu, msimu wa 2024-25, ndio uliomweka juu kabisa. Alifunga mabao 35, mengi kuliko mchezaji yeyote wa vyuo vya Marekani katika msimu ule. Wisconsin ilipoteza mechi moja tu. Tuzo ya Patty Kazmaier, inayotolewa kwa mchezaji bora wa mwaka wa vyuo, ilibaki na wagombea watatu wa mwisho, na wote watatu walitoka Wisconsin: Edwards, Caroline Harvey na Casey O'Brien. O'Brien ndiye aliyeichukua.

Fainali ya Machi 2025, mjini Minneapolis, bado inasimuliwa. Kwa mara ya tatu mfululizo Wisconsin na Ohio State zilikuwa zinatazamana. Ohio State iliongoza 3-2 hadi zilipobaki sekunde chini ya 20. Wisconsin ikapewa penalti, Simms akafunga. Katika muda wa ziada Simms huyo huyo akafunga tena, ikawa 4-3. Edwards alipata ubingwa wake wa pili wa vyuo.

Wakati huo huo timu ya taifa ilikuwa inamhitaji. Mwezi Novemba 2023, akiwa na miaka 19, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuchezea timu kubwa ya taifa ya Marekani, katika mfululizo wa mechi dhidi ya Kanada. Aprili 2024, kwenye Kombe la Dunia lililochezwa Utica, New York, alifunga mabao sita na kuchaguliwa mchezaji bora wa mashindano, ingawa Kanada ilichukua dhahabu. Aprili 2025, katika Jamhuri ya Czech, Marekani ilishinda na yeye akapata dhahabu ya dunia.

Kisha likaja ombi ambalo si kila mshambuliaji angelikubali. Kocha wa taifa, John Wroblewski, alimtaka acheze nyuma, kama beki. Mtu aliyekuwa akiongoza nchi nzima ya vyuo kwa mabao akajifunza kazi mpya. Milano alicheza beki, na shuti lile lililosawazisha fainali lilitoka huko nyuma alikowekwa.

Hakuwa mwanafunzi peke yake katika kikosi hicho. Harvey, Simms na kipa Ava McNaughton nao walitoka Wisconsin kwenda Olimpiki. Chuo kimoja kilikuwa kimelipa taifa wachezaji wanne walio bado darasani.

Waliofungua njia

Edwards hakuwa mtu mweusi wa kwanza kwenye barafu, na ni haki kuwataja waliomtangulia.

Mkanada Angela James, aliyekulia katika mtaa wa Flemingdon Park mjini Toronto, alikuwa nyota wa Chuo cha Seneca miaka ya 1980. Katika Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, mwaka 1990, alifunga mabao 11 katika mechi tano. Hoki ya wanawake ilipoingia Olimpiki mwaka 1998 kule Nagano, Japani, aliachwa nje ya kikosi cha Kanada. Heshima yake ilikuja baadaye: mwaka 2010 yeye na Mmarekani Cammi Granato walikuwa wanawake wa kwanza kuingizwa katika nyumba ya mashujaa wa hoki, Hockey Hall of Fame.

Blake Bolden, naye wa eneo la Cleveland, alicheza katika Chuo cha Boston, kisha akawa Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kucheza katika ligi ya kulipwa ya NWHL iliyoanza mwaka 2015. Sarah Nurse, Mkanada ambaye baba yake anatoka Trinidad, alipita Wisconsin kabla ya Edwards, na kwenye Olimpiki ya 2022 alivunja rekodi kwa kuchangia mabao 18, ya kufunga na ya kutoa pasi. Mwaka 2023, Sophie Jaques wa Ohio State alikuwa mchezaji mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Patty Kazmaier.

Ukiwatazama wote hao unaona kitu kimoja. Hakuna aliyeokotwa barabarani siku moja akawa nyota. Kila mmoja alipita chuoni, na chuo ndicho kilichomlea katika miaka ile ambayo mchezaji anakomaa.

Sheria ya maneno 37

Vyuo vya Marekani havikuanza kuwajali wasichana kwa huruma. Vililazimishwa.

Tarehe 23 Juni 1972, Rais Richard Nixon alitia saini sheria ya elimu yenye sehemu inayoitwa Title IX. Kwa Kiingereza ina maneno 37, na neno michezo halimo hata mara moja. Inasema kwa kifupi kwamba hakuna mtu atakayenyimwa nafasi katika programu ya elimu inayopata pesa za serikali kuu kwa sababu ya kuwa mwanamke au mwanaume. Nguvu yake iko hapo kwenye pesa: shule inayobagua inaweza kunyang'anywa msaada wa serikali. Na kwa kuwa michezo ni sehemu ya shule, wasichana walianza kudai viwanja, makocha na misaada ya masomo kama ndugu zao.

Matokeo yanahesabika. Mwaka ule sheria ilipopitishwa, wasichana wasiofika 300,000 walikuwa wakicheza katika timu za sekondari za Marekani. Siku hizi wanapita milioni 3. Ubingwa rasmi wa vyuo katika hoki ya barafu ya wanawake ulianza mwaka 2001. Kwa miaka mingi chuo cha daraja la kwanza kiliruhusiwa kutoa hadi nafasi 18 za masomo ya bure kwa timu yake ya hoki ya wanawake, maana yake karo, chakula na malazi.

Huku kwetu Kongo sheria zipo pia. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2006 kinazungumzia usawa wa mwanamke na mwanaume. Sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 inaeleza namna ya kuutekeleza. Michezo nayo ina sheria yake ya tarehe 24 Desemba 2011. Kwa maandishi hatuko nyuma sana. Kinachokosekana ni kile kilichoipa Title IX meno: shule ijue kwamba ikiwaacha wasichana nje ya uwanja, kuna kitu itapoteza. Bila hivyo, timu ya wasichana inategemea moyo mzuri wa mwalimu mmoja, na siku akihamishwa timu inakufa.

Chuo kinatoa, chuo kinadai

Mzazi akisikia kwamba mtu anasomeshwa bure kwa sababu anacheza, anaweza kudhani masomo ni jina tu. Kanuni za vyuo vya Marekani zinasema vingine. Ili kuruhusiwa kucheza daraja la kwanza, mwanafunzi lazima awe amefaulu masomo 16 ya msingi katika sekondari, kwa wastani usiopungua 2.3 juu ya 4. Akishaingia chuoni lazima asome mzigo kamili kila muhula, na akishindwa darasani anakaa benchi hata kama ndiye anayefunga mabao yote. Mazoezi na mechi zimewekewa kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati wa msimu.

Kwa maneno mengine, mfumo huo hauulizi msichana achague kitabu au mpira. Unamwambia kwamba bila kitabu hakuna mpira. Huku kwetu mara nyingi mambo hupangwa kinyume: mzazi anamtoa binti uwanjani ili asome, kisha anamtoa shuleni kwa sababu karo haipo, na mwishowe binti hana kimoja wala kingine.

Si kwamba kule ni peponi. Wengi wa wanafunzi wanaocheza vyuoni hawatawahi kulipwa kwa mchezo. Goti likivunjika, ndoto inaweza kuisha katika wiki moja. Hata familia ya nyota kama Edwards ilihesabu senti: ili ndugu zake waweze kwenda Milano kumtazama, familia iliomba michango ya watu, na miongoni mwa waliochangia walikuwa ndugu Jason na Travis Kelce, nyota wa mpira wa Kimarekani waliokulia mji huo huo wa Cleveland Heights. Lakini yule asiyefika Olimpiki anaondoka chuoni na diploma, na diploma haivunjiki goti.

Mutombo, Kuminga na dada zao

Wakongomani tunaijua njia hii kupitia jina moja kubwa. Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 kwa msaada wa masomo, akitaka kuwa daktari. Kocha John Thompson alipouona urefu wake akamwita kwenye timu ya mpira wa kikapu. Mwaka 1991 alimaliza akiwa na shahada ya lugha na diplomasia, akaingia NBA, na baadaye akajenga hospitali Kinshasa. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024, lakini hospitali inaendelea kupokea wagonjwa.

Jonathan Kuminga, mtoto wa Goma, alipita njia nyingine. Alisoma sekondari Marekani, kisha mwaka 2020 akaruka chuo na kuingia moja kwa moja katika timu ya kulipwa ya vijana, na mwaka uliofuata NBA ikamchukua. Njia ya mkato kama hiyo ilikuwepo kwa sababu mchezo wa wanaume una pesa nyingi zinazomsubiri kijana wa miaka 18.

Msichana hana njia ya mkato. Katika hoki, ligi ya kulipwa ya wanawake inayoitwa PWHL ilianza kucheza tarehe 1 Januari 2024, na wachezaji wake wengi huitwa baada ya kumaliza chuo. Ukiondoa chuo, kati ya sekondari na timu ya taifa linabaki shimo. Ndiyo maana swali la michezo ya wasichana haliwezi kutenganishwa na swali la wasichana kufika chuo kikuu.

Barafu ya Nairobi

Je, hoki ya barafu iko Afrika Mashariki? Iko. Mwaka 2005 hoteli ya Panari mjini Nairobi ilifungua uwanja wa barafu, mdogo kuliko ule wa kawaida. Hapo ndipo ilipozaliwa timu ya Kenya Ice Lions. Kwa muda mrefu ilikuwa inafanya mazoezi bila mpinzani, kwa kuwa hakukuwa na timu nyingine ya kucheza nayo. Mwaka 2018 kampuni ya Kanada, Tim Hortons, iliwapeleka wachezaji wake Kanada, ambako nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon walivaa jezi na kucheza nao. Mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la dunia la mchezo huo.

Kwa hiyo joto la ikweta si kizuizi peke yake. Ukumbi mmoja, watu wachache wenye nia na miaka ya subira viliifikisha Kenya hapo. Hatusemi kwamba Bukavu ijenge uwanja wa barafu, wakati vijana wake hawana hata viwanja vya udongo vya kutosha. Tunasema kwamba mchezo hufuata mahali palipoandaliwa.

Kwa wazazi walioko Marekani

Familia nyingi kutoka Kivu zilizopitia kambi za wakimbizi zimepewa makazi Marekani, zikiwemo za Ohio na New York, majimbo yale yale alikokulia na kusoma Edwards. Watoto wao wanasoma katika shule zenye timu za mpira wa miguu, riadha, mpira wa kikapu, voliboli, na pengine hoki.

Kwao habari hii ina matumizi ya moja kwa moja. Kwanza, timu ya shule ya serikali mara nyingi ni nafuu kuliko klabu ya nje, na shule nyingi zina namna ya kusaidia mtoto asiye na uwezo. Mzazi aulize bila aibu. Pili, hesabu ya alama za chuo huanza mwaka wa kwanza wa sekondari, kilasi ya tisa ya kule. Mtoto aliyezembea miaka miwili ya mwanzo hawezi kuokolewa na mabao ya mwaka wa mwisho. Tatu, msaada wa masomo hautolewi kwa mchezo mmoja tu, wala si kwa warefu peke yao. Nne, binti akirudi jioni kutoka mazoezini hajapotea. Inawezekana yuko njiani kwenda chuo ambacho familia isingeweza kukilipia.

Luhwindja ianzie wapi

Tangu Septemba 2019 serikali ilitangaza shule ya msingi kuwa bure. Hiyo ilikuwa hatua. Lakini sekondari inalipiwa, na hapo ndipo familia yenye watoto sita au saba huanza kuchagua nani aendelee. Katika nchi ya mashimo ya dhahabu, mvulana anavutwa na mgodi, msichana anavutwa na kazi za nyumbani, biashara ndogo pembeni ya machimbo, au ndoa ya mapema. Vita vilivyofika mpaka Bukavu mwezi Februari 2025 vimeongeza uzito juu ya mzigo uliokuwepo.

Hata hivyo, kuna mambo yasiyongoja amani kamili wala bajeti ya Kinshasa. Shule yenye uwanja mmoja inaweza kutenga siku mbili kwa wiki ziwe za wasichana, na wavulana wakae pembeni siku hizo. Parokia na makanisa, yanayosimamia shule nyingi huku, yanaweza kudai kila shule yao iwe na timu ya wasichana kama ilivyo na ya wavulana. Kampuni zinazochimba na zinazonunua madini, ambazo sheria ya madini ya 2018 inazidai mchango kwa maendeleo ya wenyeji, zinaweza kuulizwa na kamati za wananchi: katika miradi yenu, uwanja na karo ya msichana viko wapi? Vyuo vikuu vya Bukavu navyo vinaweza kuanza na kitu kidogo, kwa mfano kupunguza minerivali ya wanafunzi kumi, wasichana watano na wavulana watano, wanaofaulu darasani na wanaochezea timu ya chuo.

Hakuna hata kimoja katika hayo kinachohitaji barafu.

Laila Edwards anamaliza miaka yake minne akiwa na mataji ya vyuo, dhahabu ya dunia, dhahabu ya Olimpiki na ligi ya kulipwa inayomsubiri. Habari yake itaendelea kuandikwa na wengine. Huku kwetu, kila mwaka wasichana wa Luhwindja wanafanya Exetat, wanangoja matokeo, wanashangilia asilimia zao. Wengine kati yao ndio walikuwa wenye mbio zaidi katika shule nzima. Baada ya shangwe hizo, mwezi wa kumi unafika, vyuo vinafungua milango, na katika nyumba nyingi baba na mama wanakaa kuhesabu pesa. Katika hesabu hiyo, mbio za binti bado haziandikwi popote.